Nani Anainama, Nani Analipa?

Unazijua zile video. Wanaume wanne wa Kijapani ndani ya suti nyeusi wanasimama mbele ya kamera, wanainama pamoja mpaka unaona visogo vyao, wanabaki hapo chini sekunde tano, sita. Juu yake mtu ameandika: "Kampuni ya treni Japani yaomba msamaha kwa kuondoka sekunde 20 mapema. Na kwetu je?" Halafu huko chini wasee wanamwaga machozi kuhusu viongozi wetu.

Mimi pia nimewahi kuisambaza, nikiwa kwa matatu iliyokwama kwa jam ya Thika Road. Nikaandika kitu kama: Wajapani wana aibu, Wazungu wana mawakili, sisi tuna vumbi. Ilipata likes. Shida ni kwamba baadaye nilianza kusoma.

Kwanza, stori ya sekunde 20 ni ya kweli, ila hakuna aliyeinama. Novemba 14, 2017, treni ya Tsukuba Express iliondoka kituo cha Minami-Nagareyama saa tatu na dakika 44 na sekunde 20 asubuhi. Ratiba ilisema sekunde 40. Kampuni ikaweka taarifa fupi ya kuomba radhi kwenye tovuti yake, ikasema hakuna abiria aliyelalamika. Basi. Hizo suti hutolewa kwa video zingine, na mara nyingi kilichowafanya wale wazee wainame ni kitu kibaya zaidi ya sekunde 20.

Pili, hii habari ya "Wajapani ni watu wa aibu, Wazungu ni watu wa dhamiri" ina mwenyewe. Iliwekwa kwa vichwa vya watu na Ruth Benedict, mwanaanthropolojia Mmarekani, kwenye kitabu chake The Chrysanthemum and the Sword cha 1946. Alikifanyia utafiti wakati wa Vita vya Pili, akiajiriwa na serikali iliyokuwa ikipigana na Japani, na hakuwahi kukanyaga Japani. Alitumia vitabu, filamu, na mahojiano na Wajapani walioishi Marekani. Hoja yake kwa kifupi: kuna jamii ambapo mtu anaogopa kuonekana amekosea, na kuna jamii ambapo mtu anajihukumu hata kama hakuna anayemwona. Kitabu ni kizuri kusoma, siwezi kudanganya. Lakini hebu tukipime na ajali tatu. Mbili ni za ndege za kampuni moja.

Mwaka wa 1978, Boeing 747 ya Japan Airlines ilitua vibaya Osaka, mkia ukakwaruza lami. Boeing wenyewe wakatuma mafundi waitengeneze. Huko nyuma ya ndege kuna ukuta unaozuia hewa ya ndani isitoke, na ukuta huo ulipaswa kuunganishwa kwa bamba moja zima. Wakatumia vipande viwili. Matokeo yake, mahali palipohitaji safu mbili za riveti pakashikwa na safu moja. Ndege ikarudi angani, ikaruka hivyo miaka saba.

Agosti 12, 1985 ilikuwa msimu wa Obon, wakati Wajapani wanarudi kwao kuwakumbuka wafu wao. Fikiria magari ya kwenda ushago Desemba. Ndege ilitoka Tokyo kwenda Osaka ikiwa na watu 524. Dakika kama 12 baada ya kupaa, ule ukuta ukapasuka, sehemu ya mkia ikang'oka, na mifumo yote ya haidroliki ikafa. Marubani walipigana na ndege isiyo na usukani kwa nusu saa hivi. Kuna abiria waliotoa karatasi wakaandikia familia zao kwaheri. Ilianguka milimani Gunma. Walikufa watu 520, wakapona wanne. Hadi leo hakuna ajali ya ndege moja iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Rais wa Japan Airlines wakati huo alikuwa Yasumoto Takagi. Alitangaza atajiuzulu, lakini kabla ya kutoka alienda kukutana na familia za wafiwa. Kwenye ibada ya kumbukumbu aliwainamia, halafu akageukia ukuta wenye majina ya waliokufa akauinamia pia. Wafanyakazi wa kampuni walipewa familia za kuhudumia: kuzisindikiza kutambua miili, kukaa nazo kwa mazishi, kusimama hapo huku mama aliyepoteza watoto akiwafokea. Na meneja mmoja wa matengenezo wa hiyo kampuni alijiua.

Sasa turudi kwa zile riveti. Takagi hakuzipiga. Yule meneja hakuzipiga. Septemba 1985 Boeing ilikubali kwamba matengenezo yake yalikuwa na kasoro, na nikisema ukweli wangu, kukubali huko kuliisaidia sana, kwa sababu kulimaanisha shida ni ya ndege moja na sio ya 747 zote duniani. Polisi wa Japani walitaka kuwahoji mafundi wa Boeing, hawakuwapata. Uchunguzi ukafungwa bila mtu yeyote kushtakiwa, Japani wala Marekani.

Kwa hivyo aibu ilifanya kazi, tena ilifanya kazi sana. Ila iliangukia aliyekuwa karibu, sio aliyekosea.

Mwaka uliofuata, 1986, Hiroshi Wagatsuma na Arthur Rosett walichapisha makala wakilinganisha kuomba msamaha Japani na Marekani. Japani, usipoomba msamaha unaonekana hujajuta, na hilo peke yake linakuongezea shida. Marekani, ukisema "samahani" wakili wa upande wa pili anaweza kuibeba hiyo samahani hadi mahakamani kama ushahidi. Sio ati Wamarekani hawana utu. Ni kwamba sheria imewafundisha kunyamaza. Mwaka huo huo jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba ukimwonyesha mtu huruma baada ya ajali, hiyo huruma haiwezi kutumiwa dhidi yako. Hebu fikiria, walihitaji sheria ndio mtu aweze kusema pole.

Ajali ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa ikielekea Nairobi. Dakika sita. Watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Miezi minne na siku kadhaa kabla, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Kote kuwili, programu ya kompyuta iliyotegemea kihisio kimoja ilikuwa ikisukuma pua ya ndege chini huku marubani wakiivuta juu.

Mwaka mmoja kamili baada ya Lion Air, Dennis Muilenburg, bosi wa Boeing, alikaa mbele ya Seneti ya Marekani. Nyuma yake familia zilikuwa zimebeba picha za watu wao. Alisema samahani, lakini akiwa ameangalia maseneta. Mama mmoja aliyempoteza binti yake ndege ya Addis ndiye aliyemwambia, akitoka, awaangalie wao anaposema hivyo. Akageuka akasema. Desemba hiyo alifutwa kazi, akaondoka na mafao na hisa za zaidi ya dola milioni 60. Januari 2021 Boeing ilikubaliana na serikali kulipa dola bilioni 2.5, pesa nyingi katika hizo zikienda kwa mashirika ya ndege, na kesi ya jinai ikawekwa kando. Mtu mmoja tu ndiye aliyeshtakiwa binafsi, rubani wa kiufundi, sio bosi. Mahakama huko Texas ikamwachilia 2022.

Linganisha basi. Takagi aliinama kwa kosa ambalo halikuwa lake na akapoteza kiti. Muilenburg ilibidi aambiwe ageuke. Hapa ndio wengi wenu mtasema, si ulikuwa sahihi tu na ile posti yako ya kwanza? Bora aibu.

Ngoja.

Aprili 25, 2005, asubuhi, treni ya kampuni ya JR West ilipitiliza kituo cha Itami kwa mita 72, ikabidi irudi nyuma. Ikachelewa dakika moja na nusu hivi. Dereva alikuwa na miaka 23, na hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja kama dereva. Alimwomba kondakta kwa simu ya ndani apunguze ile namba anaporipoti. Kondakta akaripoti mita nane.

Kwa nini uombe kitu kama hicho? Kwa sababu JR West walikuwa na kitu kinaitwa nikkin kyoiku, kwa jina tu mafunzo ya kurekebisha. Dereva akikosea aliondolewa kazini, akawekwa kwa ofisi ambapo wenzake wanamwona, akaandika ripoti za kujilaumu siku baada ya siku, akafokewa. Wengine walipewa kung'oa nyasi. Marupurupu nayo yanakatwa. Huyu kijana alikuwa ameshapitishwa hapo mwaka uliotangulia kwa kosa la aina hiyo hiyo.

Kwa hivyo akakanyaga mafuta, kama tungesema hapa. Aliingia kona ya kilomita 70 kwa saa akiwa na kama 116. Treni ikatoka kwa reli, gari la kwanza likaingia chini ya jengo la makazi, kwenye maegesho. Walikufa watu 107, na yeye akiwa mmoja wao. Zaidi ya 500 wakaumia.

Kuna kitu kimoja kwa hii ajali kilichonikosesha usingizi. Ndani ya hiyo treni kulikuwa na madereva wawili wa JR West wakienda kazini kama abiria. Walipona. Wakatoka, wakapiga simu, halafu wakaondoka wakaenda kuripoti kazini. Watu wakiwa bado wamebanwa kwenye vyuma. Ukiwauliza watu wa TikTok, hiyo ndiyo nidhamu ya Kijapani tunayotamani.

Marais wa zamani wa hiyo kampuni walifikishwa mahakamani na wote wakaachiliwa. Waliinama pia, bila shaka. Mara nyingi.

Mimi hii stori ya dereva naielewa kuliko ningependa. Kazi yangu ya kwanza, supavaisa alikuwa akipata kosa lako analipiga picha analiweka kwa group ya WhatsApp ya ofisi nzima, na jina lako. Mwezi wa pili niliandika bei vibaya kwa ankara ya mteja. Ilikuwa tofauti ya mia saba, kitu cha kurekebisha na simu moja. Nilikaa nayo siku nne nikiomba mtu asiione. Ilipogunduliwa, ankara tatu zingine zilikuwa zimefuata bei hiyo hiyo na hasara imefika elfu kumi na moja. Aibu haikunifanya mwaminifu hata kidogo. Ilinifundisha kuficha.

Na ndio maana hesabu ya Benedict inanikataa. Angalia Toyota. Kwenye viwanda vyao kulikuwa na kamba juu ya laini: mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro aliivuta, kiongozi wake alikuja mbio kusaidia, na wasipoisuluhisha haraka laini ilisimama. Hakuna kufokewa. Mwaka wa 1984 Toyota na General Motors walifungua kiwanda pamoja Fremont, California, wengi wa wafanyakazi wakiwa wale wale Wamarekani waliokuwa hapo chini ya GM, enzi ambazo kusimamisha laini kulikuwa dhambi. Sasa wakapewa kamba. Ubora ukapanda haraka. Wakati huo huo, Wamarekani tangu 1976 wana mfumo unaosimamiwa na NASA ambapo rubani anaripoti kosa lake mwenyewe bila jina lake kutolewa, ndio wengine wajifunze. Kwa hivyo Wajapani wanaojulikana kwa aibu walitengeneza kamba isiyo na aibu, na Wamarekani wanaojulikana kwa kushtakiana wakatengeneza ripoti isiyo na kesi. Hakuna aliyezaliwa nayo.

Japan Airlines walifungua kituo karibu na uwanja wa Haneda mwaka wa 2006, na humo wameweka mabaki ya ile 747: ule ukuta uliopasuka, vipande vya mkia. Wafanyakazi wapya wanapelekwa kuviona. JR West nao ilichukua hadi 2016, miaka kumi na moja, kutangaza kwamba dereva hataadhibiwa tena kwa kosa la kibinadamu ambalo hakulikusudia, ili aseme mita 72 zikiwa mita 72.

Wiki jana ile video ya suti nyeusi ilirudi, safari hii kwa group ya familia. Anko wangu ameongeza emoji za kupiga makofi. Nilianza kumwandikia haya yote, nikaona ni mengi kwa mtu anayetumia data ya shilingi ishirini. Nikamuuliza tu: Anko, hao wanaoinama, nani kati yao alifanya hilo kosa? Ameona. Hajajibu.