Nummulitidae

Nummulitidae ni familia ya foraminifera wakubwa katika oda ya Rotaliida, iliyopewa jina na Mfaransa de Blainville mwaka 1827. Ilianza zama za Paleosini, ikashamiri katika Eosini, na baadhi ya wanafamilia wake wangali hai katika bahari za joto. Ingawa kila kiumbe ni seli moja tu, gamba la spishi nyingine huzidi sentimita 10.

Gamba ni la kalisi, lenye vyumba vilivyojipanga kwa mzunguko. Ukingo wake mnene una mtandao wa vijia vyembamba, na hiyo ndiyo alama kuu ya familia.

Jenasi hutenganishwa kwa mpangilio wa vyumba. Kwa Nummulites kila mzunguko hufunika uliotangulia. Kwa Operculina mizunguko huonekana wazi. Heterostegina hugawa vyumba vyake kuwa vijichumba, na Cycloclypeus aliyekomaa hujenga duara kamili. Wanaoishi leo hufuga diatomu ndani ya seli, hivyo huhitaji maji yanayopenywa na mwanga.

Uainishaji uliwahi kuvurugwa na uzazi: spishi moja hutoa umbo dogo lenye chumba kikubwa cha kwanza, na umbo kubwa lenye chumba kidogo. Maumbo hayo mawili mara nyingi yalipewa majina tofauti. Spishi hai venosus bado huwekwa na wengine katika Nummulites, na wengine katika Operculinella au Palaeonummulites.

Mawe ya piramidi za Giza yamejaa Nummulites gizehensis. Visukuku vya Nummulites hupatikana pia katika miamba ya Eosini ya Kilwa na Lindi.