Unajenga Ngara au Biharamulo? Hela ya kwanza ipeleke chini na kwenye mkanda

Ukipita barabara ya Rusumo kwenda Nyakanazi, au ukiingia Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Runazi, utayaona maboma. Kuta zimesimama, madirisha yako wazi, majani yameota sebuleni. Wenyewe si wavivu. Hela iliishia juu ya dirisha, mvua ikakuta ukuta hauna paa, na kila masika inabeba kidogo.

Kama unajenga mwenyewe, kwa hela ya mavuno, biashara au mshahara, bila mkandarasi, haya ndiyo ya kuzingatia kuanzia kiwanja hadi paa.

1. Kiwanja kwanza, tofali baadaye

Kabla ya kumwaga hata tripu moja ya mchanga, pima vitu viwili.

- Barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga ndani ya hapo, siku yoyote unaweza kuamka ukakuta alama ya X ukutani. Wanaonunua viwanja Nyakanazi, Lusahunga, Benaco na Rusumo wawe makini zaidi.
- Maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu ziwe nje ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Bonde linavutia kwa sababu ni tambarare na liko karibu na maji, lakini ndiko mafuriko yanakoelekea.

Kiwanja cha kijijini, andikishianeni mbele ya serikali ya kijiji na majirani wa pande zote. Kama eneo limepimwa, nenda halmashauri ukachukue kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba. Foleni ya kibali ni nafuu kuliko kubomoa.

Choo cha shimo kiweke angalau mita 30 kutoka kisima, na kiwe upande wa chini ya kisima kufuata mteremko.

2. Msingi: Ngara mlimani, Biharamulo tambarare

Ngara ni milima. Kosa linalojirudia ni kukata mlima nyuma, kumwaga udongo mbele, kisha nyumba ikakaa nusu kwenye ardhi ngumu na nusu kwenye udongo uliomwagwa. Udongo uliomwagwa unashuka, ule mgumu haushuki, na ufa unatokea katikati ya sebule. Fanya hivi:

- Nyumba yote ikae kwenye ardhi iliyokatwa. Udongo uliomwagwa mbele uwe uwanja tu.
- Kama haiwezekani, msingi ushuke kwa ngazi hadi ardhi ngumu, na kila ngazi iwe imelala sawa.
- Acha nafasi isiyopungua mita 2 kati ya ukuta wa nyuma na kingo uliyokata.
- Chimba mtaro juu ya nyumba, uzungushe maji ya mlimani pembeni. Kazi hiyo ni ya jembe na siku mbili, na inaokoa msingi mzima.

Biharamulo sehemu nyingi ni tambarare zaidi. Huko angalia udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Unavimba na kusinyaa, na nyumba inafuata. Hama hapo kama unaweza. Kama huna pengine, chimba uupite wote hadi ufike udongo mgumu.

Tatizo la pili ni mchwa. Ng'oa visiki na mizizi yote ndani ya eneo la nyumba, piga dawa ya mchwa kwenye kifusi kabla ya kumwaga jamvi, na mbao zote zipakwe dawa.

Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, mfereji wa msingi uwe na upana wa futi 2 hivi na kina kisichopungua futi 2, lakini kinachoamua ni ardhi ngumu, siyo rula. Mwaga zege chini, panga mawe (Ngara mawe yapo), kisha pandisha msingi futi moja na nusu juu ya ardhi ili matone ya mvua yasirukie tofali. Kabla ya kuanza ukuta, laza nailoni nzito juu ya msingi kuzuia unyevu kupanda.

3. Tofali: zijaribu kabla ya kulipa

Wengi tunatumia tofali za kuchoma. Kwenye tanuru, za katikati hutoka nzuri na za pembeni hutoka mbichi. Usinunue kwa macho:

- Gonganisha mbili. Iliyoiva inalia kama chungu, mbichi inatoa mlio mzito.
- Iachie moja ianguke kutoka usawa wa kiuno. Isivunjike vipande.
- Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha. Ikianza kuwa tope, rudisha mzigo.

Kama unachoma mwenyewe, jua kuni zinatoka wapi. Lililokuwa pori la akiba la Biharamulo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kukata kuni humo ni kesi. Njia nyingine ni tofali za kufungamana, za udongo na simenti kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukizihamasisha kwa miaka mingi.

Hesabu ya haraka: tofali za simenti zenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 zinaingia 10 kwenye mita moja ya mraba. Nyumba ndogo ya mita 8 kwa 7, kuta zote za nje na ndani zikiwa mita 48, kimo mita 2.7, ukitoa milango na madirisha inabaki na mita za mraba kama 112. Hiyo ni tofali 1,120. Ongeza 60 za kuvunjika. Tofali za kuchoma zinatofautiana kila tanuru, kwa hiyo panga mita moja ya mraba chini na uhesabu.

Kabla ya kujenga, tofali za kuchoma zilowekwe maji. Tofali kavu hufyonza maji ya udongo wa simenti, na simenti inakauka bila kushika.

4. Mchanga, maji na ndoo

Chukua chupa ya plastiki, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, acha masaa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga. Kama tabaka la tope ni nene, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Kwa zege la msingi na mkanda, mchanganyo ni 1:2:4. Mfuko wa kilo 50 hauzidi ndoo 2 za lita 20. Kwa hiyo, kwa mfuko mmoja:

- mchanga ndoo 3 na nusu
- kokoto ndoo 7
- maji ndoo moja na robo hivi

Fundi akiongeza maji ili koleo liteleze, mwambie hapana. Maji yakizidi, zege linakuwa laini milele. Pia lisikae: changanya kiasi kinachoisha ndani ya saa moja.

Zege likishashika, limwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu wananunua simenti kwa bei kubwa, halafu wanainyima maji ya kisima.

Kama simenti ya kujengea kuta zote haitoshi na utajengea udongo, basi simenti iliyopo itumie kwenye kona, pembeni mwa milango na madirisha, na tofali za chini kabisa. Toa paa nje ya ukuta sentimita 60, na usicheleweshe lipu ya nje.

5. Mkanda: hapa usibane hela

Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki na nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka, hasa Bukoba na Missenyi. Ngara na Biharamulo ziko mkoa huohuo, na mkoa wetu uko jirani na Bonde la Ufa la Magharibi.

Tetemeko linavuta kila ukuta upande wake. Nyumba isiyofungwa inafunguka kwenye kona kama boksi, paa linashuka. Mkanda wa zege wenye nondo, ambao mafundi wengine wanauita ringi bimu, unazifunga kuta zote zitikisike pamoja.

Fundi wa bei rahisi atakwambia: "Weka lenta juu ya milango na madirisha tu, inatosha." Lenta hiyo inabeba tofali za juu ya dirisha. Haifungi nyumba. Mkanda upite kuta zote, nje na ndani, bila kukatika.

- Nondo 4 za milimita 12, mbili chini mbili juu.
- Ringi za milimita 8 kila sentimita 20.
- Nondo zikiungwa zipishane angalau sentimita 60. Kwenye kona zikunjwe ziingie ukuta wa pili sentimita 60.
- Nondo isiguse mbao wala tofali. Zege liizunguke inchi moja kila upande.

Kwa nyumba ile ya kuta za mita 48, mkanda wa sentimita 15 kwa 20 unakula simenti kama mifuko 10, nondo za milimita 12 kama 19 na za milimita 8 kama 12, zenye urefu wa mita 12. Uliza bei dukani leo, iandike, na iweke pembeni kabla ya kufikiria vigae na rangi.

Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye paa nao ni hatari, maana uko juu na haujashikwa na kitu. Paa la kushuka pande zote nne linauondoa kabisa. Ukiupenda, ufunge vizuri na kenchi.

6. Paa

Kwenye bati, namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Nunua kwa namba, usinunue kwa rangi.

Wakati wa kumwaga mkanda, acha waya mnene au vipande vya nondo vimetokeza, ufungie kenchi. Upepo wa kabla ya mvua unainua paa zima lililoshikwa na misumari peke yake. Weka mfereji na tanki. Maji hayo yatamwagilia lipu yako na kupunguza safari za kisimani.

7. Kalenda inaamua

Kwetu kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti, kisha vuli inaanza Septemba. Hesabu kurudi nyuma: paa likamilike mwisho wa Agosti, kuta Julai, msingi Juni.

Sasa jiulize swali gumu mwezi wa sita: hela niliyonayo inafika kwenye bati? Kama haifiki, una njia mbili. Simama kwenye msingi, ambao mvua hauuogopi sana, uendelee mwakani. Au jenga vyumba viwili, viezeke, uhamie, uongeze vingine baadaye. Nyumba ndogo yenye paa inakuokolea kodi. Boma kubwa linakula hela iliyokwisha kulipwa.

Kama tayari una boma, usiliache hivyo. Funika vichwa vya kuta kwa nailoni au bati kuukuu, zigandamize kwa mawe, na chimba mtaro kuzunguka.

8. Wewe na fundi

- Andikianeni: kazi gani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na shahidi awepo.
- Lipa kwa hatua: msingi, kuta, mkanda, paa. Usimalize hela kabla kazi haijaisha.
- Vifaa nunua mwenyewe. Hesabu mifuko mitupu kila jioni.
- Siku ya msingi na siku ya mkanda uwepo mwenyewe. Kama uko mbali, mtume ndugu unayemwamini, apige picha za nondo kabla zege halijamwagwa. Zege likishafunika, hakuna atakayejua kilichomo, hadi siku ardhi itakapotikisika.