Alamu Ikilia, Nani Anakuja?

Wasee wengi huniambia alamu ya nyumba ni mambo ya matajiri wa Runda na Muthaiga. Ukuta mrefu, seng'enge ya umeme, na stika ya kampuni ya ulinzi pale getini. Si uongo. Lakini mfumo wa kamera mlangoni na skrini ndani ulibuniwa na nesi mweusi wa New York aliyechoka kungoja polisi.

Turudi nyuma kiasi. Mwaka wa 1853, mhubiri wa Massachusetts, Augustus Russell Pope, alipewa hataza ya kengele ya umeme. Unapitisha waya kwa milango na madirisha hadi kwa betri. Mtu akifungua, mzunguko wa umeme unakamilika, sumaku inavuta kinyundo, kengele inalia. Wewe unaamka, mwizi anashtuka. Halafu? Mko wawili kwa giza.

Edwin Holmes alinunua haki hizo 1857, akahamia New York miaka miwili baadaye. Huyu ndiye alielewa kengele peke yake haisaidii kama hakuna wa kuitikia. Kampuni yake ikaja kuunganisha majengo na kituo kimoja ambapo kuna mtu yuko macho usiku. Na hii hunibamba sana: 1877, kule Boston, mwanawe alitumia waya zilezile za alamu kuunganisha simu. Mchana watu wanaongea, usiku waya zinarudi kulinda. Kwa hivyo simu na alamu ni mabinamu, usishangae leo zote ziko mfukoni mwako.

Shida ni kwamba huduma hiyo ilikuwa ya wenye pesa. Ruka hadi miaka ya 1960, mtaa wa Jamaica huko Queens, New York. Marie Van Brittan Brown alikuwa nesi, mumewe Albert fundi wa elektroniki. Saa zao za kazi hazikuwa za kawaida, na kuna usiku Marie alikuwa peke yake. Wizi ulikuwa mwingi, na ukiita polisi, walifika wakijisikia.

Waliomba hataza 1966, wakapewa tarehe 2 Desemba 1969. Mlango una matundu manne ya kuchungulia, yamepangwa juu hadi chini, ndio uone mtu mrefu na pia mtoto. Kamera inapanda na kushuka. Picha inatokea kwa skrini chumbani, na unaongea na aliye nje ukiwa umejilalia. Ukimjua, unabonyeza swichi, mlango unafunguka. Usipomjua, unabonyeza nyingine, alamu inafikia walinzi.

Ona tofauti. Kengele ya Pope inakuambia mtu ameshafungua. Marie anakuonyesha uso wake kabla hajaingia. Mimi naona hiyo ndiyo hatua kubwa zaidi kwa hii hadithi yote, na ni aibu wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake.

Siku hizi kamera ndogo zinauzwa Luthuli Avenue, na hata mtu wa bedsita anaweza kujikusanyia polepole. Poa sana. Lakini swali la Holmes bado liko. Runda ikilia, gari la kampuni linakuja. Kwa ploti ya Pipeline, anayekuja ni jirani wa mlango wa pili, na kama hujawahi hata kumsalimia, hiyo kamera itakuletea tu video safi ya tivii yako ikishuka ngazi.