Kompyuta Kule, Kioo Huku

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walivaa beji ndogo zilizotoa ishara ya infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi. Vipokezi vilivyofungwa vyumbani vilinasa ishara hizo, na mfumo ukajua nani yuko wapi. Tristan Richardson na wenzake wakautumia mfumo huo kwa jambo ambalo hadi leo linanisisimua: mtu aliondoka mezani kwake, akaingia chumba kingine, na kazi aliyoiacha kwenye kompyuta ikamfuata hadi kwenye kioo kilicho karibu naye.

Kuiamuru kompyuta ya mbali hakukuwa kugeni. Telnet ilikuwapo tangu 1969, ikibeba maandishi tu. Mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, ulibeba madirisha na michoro, ila ulitaka mashine ya upande wa pili ijue mambo mengi, na mawasiliano yakikatika programu ilikufa na kazi yako ikapotea.

Richardson, Quentin Stafford-Fraser, Kenneth Wood na Andy Hopper, mmoja wa waanzilishi wa maabara hiyo, wakachagua kupunguza badala ya kuongeza. VNC, programu yao ya kuendesha kompyuta ya mbali waliyoieleza kwa kina mwaka 1998, ilisimama juu ya agizo moja: weka mstatili huu wa nukta za rangi mahali hapa. Kompyuta ya mbali haielezi dirisha wala herufi. Inatuma sehemu ya kioo iliyobadilika, basi. Anayetazama anarudishiwa picha mpya pale tu mashine yake inapoiomba, kwa hiyo laini ikiwa nzito picha hupungua bila kurundikana njiani. Mawasiliano yakikatika, unaunganisha tena na kuukuta mshale palepale ulipouacha. Na kwa kuwa karibu kila mashine inaweza kuchora mstatili, mwenye Windows aliweza kuiendesha Unix, na programu ya kutazamia ilienea kwenye flopi moja. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wa hali ya juu.

Stafford-Fraser alikuwa na uzoefu wa kutazama vya mbali. Mwaka 1991 alishiriki kuunganisha kamera iliyoelekezwa kwenye mashine ya kahawa ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ili wa vyumba vya mbali wajue kama kahawa ipo kabla ya kuifuata.

Usalama ndio ulioachwa nyuma. Nywila ilihesabiwa herufi 8 za kwanza tu, na picha zilipita mtandaoni bila kufichwa. Mafundi makini waliipitisha VNC ndani ya SSH, itifaki inayoficha mawasiliano, kazi ya Tatu Ylönen wa Finland ya mwaka 1995.

AT&T iliinunua maabara mwaka 1999, na mwaka 2002 ikaifunga. Hapo VNC ingeweza kuzikwa pamoja nayo. Lakini msimbo wake ulikwisha kutolewa bure chini ya leseni ya GPL, na watu wa nje walikuwa wameushika. TightVNC na UltraVNC zimetokana nao. Richardson, Hopper na wenzao wakaanzisha RealVNC mwaka uleule. Mwaka 2011 itifaki yenyewe ilichapishwa kama RFC 6143, na mwaka 2016 programu ya RealVNC ikaingizwa kwenye mfumo wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyobuniwa Cambridge hapo hapo, ambayo wengi huiendesha bila kuifungia kioo kabisa.