Valvu: walianza na wapenzi wa redio, jeshi likaja kupiga hodi

Wengi wa rika langu wakisikia "valvu" wanakumbuka redio ya babu sebuleni, ile iliyopata moto kwanza ndipo iseme. Wanadhani hadithi yake iliishia hapo. Ndugu msomaji, haikuishia hapo.

Wapo watu wenye leseni na mitambo ya redio nyumbani, wanaoongea na wenzao ng'ambo kwa kujifurahisha tu. Ili wasikike mbali wanahitaji amplifaya, na kwa miongo mingi moyo wa amplifaya ulikuwa valvu. Waya unapashwa moto, elektroni zinakimbilia anodi yenye volti 2000 au 3000, na katikati kuna wavu. Umeme mdogo kwenye wavu unatawala ule mkubwa. Wavu huo aliuweka Lee de Forest mwaka 1906.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1934 Bill Eitel na Jack McCullough, vijana wa California na wapenzi wa redio wenyewe, waliacha kazi ya kutengeneza valvu kwenye kampuni ya watu, wakaanzisha yao huko San Bruno: Eimac. Wateja wa kwanza? Wapenzi wa redio wenzao. Na hao ni wateja wagumu: wanaibebesha valvu mzigo kuliko uwezo wake, halafu wanataka isife! Eimac wakatumia anodi za tantalamu na kuiondoa hewa ndani vizuri zaidi. Ugumu huohuo ukazifanya valvu zao zifae kwenye rada za mwanzo za jeshi la majini la Marekani. Vita vilipokuja, karakana ikawa kiwanda kikubwa.

Transista ilizaliwa mwaka 1947, lakini valvu hazikuondoka. Antena ikiwa mbovu, anodi inakuwa nyekundu, unaiona, unazima. Transista inakufa kabla hujapepesa jicho. Leo zipo transista zinazotoa zaidi ya wati 1000, na valvu zinapungua. Hata hivyo amplifaya za Heathkit SB-220, zenye valvu mbili za 3-500Z, bado zinafanya kazi majumbani.

Sisi waandishi tukitumwa habari ya teknolojia tunakimbilia uzinduzi, penye utepe na mgeni rasmi. Nani anakwenda kukaa na fundi redio mtaani amuulize anajaribu nini? Eitel na McCullough wa kwetu huenda wako huko, na hatujawaandika.

Wewe unasemaje?