Zamani Kazi Ilimtafuta Kijana

Katika parokia zetu twasikia mara nyingi wazee wakisema: «Siku zetu, aliyemaliza shule alipata kazi mara moja. Vijana wa leo wana diploma kubwa na wamelala nyumbani. Ni uvivu tu.» Neno hilo linaumiza. Mzazi aliuza mbuzi na shamba ili mtoto asome. Mtoto amezunguka na barua zake miaka mitatu, minne. Kisha anaitwa mvivu kwao. Tuulize basi: siku zile zilikuwaje hasa?

Wakati wa Wabelgiji, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misioni, nayo serikali ilitoa fedha za kuzisaidia. Serikali na makampuni walihitaji makarani, wauguzi, mafundi na walimu. Madarasa ya juu yalikuwa na watoto wachache, na kazi zilikuwa zikiwangoja. Kijana hakuandika barua hamsini. Padri wa shule alimjua, alijua kwao, alijua kama anapenda pombe. Akaandika mistari mitatu kwa bwana wa kazi, ikatosha. Joseph Kasavubu alitoka seminari ya Kabwe, akafundisha shule, na mwaka 1942 akaingia ofisi ya fedha ya serikali kama karani. Patrice Lumumba alisoma shule ya posta Léopoldville, kisha akawa karani wa posta Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Wanafunzi wa zamani nao walishikana: mwaka 1925 Padri Raphaël de la Kethulle alianzisha huko Léopoldville chama cha waliosoma kwa mapadri wa Scheut, kilichoitwa ADAPES. Mahali pa namna hiyo habari ya kazi hupita upesi kuliko gazeti.

Lakini wazee wasisahau upande wa pili. Kazi ilipatikana, ila ilikuwa na dari. Mwafrika aliweza kuzeeka karani, na Mzungu kijana aliyefika jana akawa mkubwa wake. Ngazi za juu za utumishi zilikuwa zimefungwa hata karibu na uhuru. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na cha Elisabethville mwaka 1956. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo walei waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Ndipo ikatokea ajabu. Mwezi wa Julai askari waliasi, na wakubwa wengi wa Kibelgiji wakakimbia wakaacha ofisi tupu. Mwezi wa Septemba, Kanali Mobutu aliwaita wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wachache waliokwisha kumaliza, akawakabidhi wizara. Ndilo Baraza la Makamishna, chini ya Justin Bomboko, lililotawala mpaka Februari 1961. Wengine walikuwa hawajamaliza masomo yao. Fikirini: kijana anaweka chini daftari lake, anakalishwa katika kiti cha waziri! Mwaka ule kazi ilimkimbilia kijana. Kwa maoni yetu, mawazo yetu mengi juu ya diploma yana mzizi hapo. Jambo lililotokea mara moja, kwa sababu ya pengo, tukalidhani kuwa desturi ya dunia.

Pengo likajaa. Vyuo vilikua, na tangu mwaka 1989 vyuo vya watu binafsi vikaongezeka kila mji. Upande wa kazi, mambo yalikwenda kinyume. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Serikali yenye madeni ikapunguza watumishi. Mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990. Uporaji wa 1991 na 1993 ukavunja viwanda na maduka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980; mwaka 2003 haikufika tani 20,000. Mwaka huohuo wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mkupuo mmoja. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, baba aliyepoteza kazi na mwana mwenye diploma mpya walikutana mlango mmoja wa kuomba kazi. Ni nani mvivu hapo?

Wacheshi walitunga zamani «kifungu cha 15» cha katiba: jitegemee upendavyo! Tulicheka, lakini vijana wamekishika kwa bidii. Wengine hujiandikisha katika ofisi ya kazi ya serikali, ONEM, iliyoundwa mwaka 2002. Wengine hukubali kujifunza kazi miezi kadhaa bila mshahara, ili bwana wa kazi awaone mikono. Naye asiwafanye watumwa mwaka mzima. Wapo wanaodaiwa fedha ili jina lao lipite: hao wanaodai ni wezi, hata wakiketi kiti cha mbele kanisani. Na sheria ya mwaka 2017 ilipoweka kazi ndogo za makampuni makubwa kwa kampuni za Wakongo, baadhi ya wahitimu waliungana wanne, watano: mmoja mwanasheria, mmoja wa hesabu, mmoja fundi wa umeme. Hawaombi tena kiti. Wanaomba kandarasi ya kutengeneza taa za karakana.