Lafudhi si Kitembe

Wiki ya kwanza chuoni, mwenzangu wa chumbani alimsalimia mama aliyekuwa akituuzia chapati na maharage nje ya bweni. "Jambo, mama." Yule mama akacheka, akamjibu, "Jambo, hakuna matata," kwa sauti ile ile wanayosemeshwa watalii. Mwenzangu hakuwa mtalii. Alitoka Lubumbashi, akapita Kasumbalesa, akaikata Zambia kwa basi, akaingia Tunduma, akateremka hadi Dar es Salaam, na Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni. Kwao "jambo" ni salamu ya kila asubuhi, jirani kwa jirani. Kwetu imebaki hotelini. Tena mama yule, kwa umri wake, alikuwa anangoja shikamoo.

Usiku ule mwenzangu akaniuliza, "Kaka, nilisema mubaya?" Nikamjibu, "Hapana, ni lafudhi tu."

Nilidhani nimemfariji. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba kasoro anayo, ila ndogo. Tangu hapo neno lafudhi limenikaa moyoni, na kila nikiligeuza naona tunalitumia kinyume cha lilivyo.

Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutoa kitu kinywani kwa kukitupa nje, kama mla tende anavyotema kokwa. Kutokana na hapo likawa jina la tamko, neno lililokwisha kutoka mdomoni. Sisi tulipolipokea tulilipunguza upana: lafudhi ikawa namna maneno yanavyotoka, ile namna inayomwambia msikilizaji mtu huyu kakulia wapi. Kiarabu chenyewe hutumia zaidi neno tulilolifanya lahaja kwa jambo hilo. Lakini asili ya neno bado inasema kweli. Kila afumbuaye kinywa ana lafudhi. Asiyekuwa nayo ni aliyenyamaza.

Sasa sikiliza tunavyosema: "Yule ana lafudhi." Tunasema kama tungesema ana homa. Anaitwa mwenye lafudhi Mkongo, Mrundi, Msukuma. Mzaliwa wa Kariakoo haitwi hivyo, ingawa akifika Lamu au Pemba hana dakika mbili kabla hajatambuliwa. Tena tunaongeza: "lafudhi nzito". Nzito kwa nani? Msemaji haihisi hata kidogo. Uzito ule umo sikioni mwa anayesikiliza, naye ndiye anayeupima, ndiye anayeulalamikia.

Sarufi yetu ina adabu kuliko sisi. Tazama majina ya hitilafu za kinywa: kitembe, kigugumizi. Tazama na ndugu zake: kilema, kiziwi, kipofu, kibogoyo. Yote yamepangwa katika ngeli ya KI-VI. Najua ngeli hiyo ina kijana na kiongozi pia, na sitaki kuibebesha zaidi ya inachoweza kubeba, ila mpangilio wa hitilafu humo unaonekana waziwazi. Lafudhi haikupelekwa huko. Imekaa pamoja na lugha, sauti na safari. Waliolipokea neno hili hawakuliweka kati ya vilema, na sisi hatuna ruhusa ya kulihamisha.

Mwenzangu alisema "mutu" pale tunaposema "mtu". Darasani wakacheka. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kicheko kile kilikuwa cha watu wasiojua wanachokicheka. Kiambishi cha kale cha lugha za Kibantu ni mu-. Ushahidi tunao vinywani mwetu wenyewe: mwana, mwizi, mwimbaji. Ile w imetoka wapi, kama si u iliyobanwa na irabu iliyofuata? Sisi wa pwani ndio tuliodondosha u mbele ya konsonanti, tukabaki na m inayojitegemea kama silabi. Aliyesema "mutu" hakuvunja neno. Alikuja na irabu tuliyoiacha njiani, nasi tukamwona yeye ndiye aliyepotea.

Alisema pia "niko mwanafunzi". Dar es Salaam "niko" hudai mahali: niko bwenini, niko foleni. Kwao hutosha kusema wewe ni nani. Mtu mmoja aliwahi kumuuliza, "Uko mwanafunzi wapi, ndani yake?" na meza nzima ikaangua kicheko. Mwenzangu alicheka pamoja nao. Baadaye niliona ameanza kuhesabu maneno kabla ya kuyatoa.

Wakati mwingine mchekaji hujitetea kwa Kiswahili sanifu, kana kwamba yeye amezaliwa ndani yake. Hakuna aliyezaliwa humo. Sanifu ni kitu kilichosanifiwa, kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Mwaka 1928 palifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Kimvita cha wenyeji wa mji ule ule, pamoja na hazina yake yote ya tungo, kikaachwa. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa na kiti pale. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Ninaiheshimu kazi hiyo, naitumia kila siku. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kijana wa Lubumbashi anapofika Dar es Salaam haji kuomba Kiswahili. Anakuja nacho.

Na huku kwetu ndicho anachokihitaji kuliko tunavyodhani. Mihadhara ni kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliyesomeshwa kwa Kifaransa anaianza karibu upya. Lakini mhadhara ukiisha, maisha yote huhamia Kiswahilini. Kwenye foleni ya chakula, kwenye ngazi za bweni, kwenye benchi chini ya mwembe, ndiko wanakoulizana nani amedisko, yaani ameondolewa masomoni, nani ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na bumu linatoka lini. Hakuna kamusi iliyomwandaa kwa bumu, na hata alipojua ni fedha za mkopo, hazikuwa zake. Wiki ile bweni zima lilipochangamka, yeye alikuwa akipika wali mkavu chumbani.

Mwongozo tuliogawiwa siku ya kupokelewa ulimtaka "azoee mazingira". Kitenzi hicho ni cha mtu mmoja: ananijia, anazoea, mimi nimekaa. Lakini maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa urafiki wenyewe yana -ana mwishoni: kuzoeana, kuelewana, kutangamana. Hayatendeki na mtu mmoja. Huwezi kuzoeana peke yako hata ukijitahidi miaka mitatu.

Ofisini alikuwa na jina jingine: mwanafunzi wa kimataifa. Ni jina la heshima, linapendeza kwenye vipeperushi vya chuo. Mimi silipendi. Halina mlango wa kutokea. Ukishaitwa wa kimataifa siku ya kuandikishwa, utakuwa wa kimataifa hadi siku ya joho. Neno letu la zamani, mgeni, wengine huliona kali, nami naona limebeba wema mkubwa. Kwanza halitofautishi asiyejulikana na aliyealikwa. Ndiyo maana tukipata watu nyumbani husema "leo tuna ugeni", na huo ni wakati wa kuongeza maji kwenye sufuria. Pili, mgeni ana mwisho wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisikia methali hiyo kama kumchoka mgeni. Mimi naisikia kama kumpokea. Anayepewa jembe amepewa sehemu ya shamba. Ameanza kuwa mwenyeji, yaani mwenye mji.

Mwaka wa kwanza tulikuwa kikundi kimoja cha watu sita kwenye kazi ya kuwasilisha darasani. Tuligawana sehemu. Mwenzangu, aliyekuwa amesoma vitabu vingi kuliko sisi sote, alipewa kuchapa jalada na kupanga kurasa. "Wasije wakashindwa kumwelewa," alisema kiongozi wetu, na alisema kwa nia njema. Mimi nilikuwepo. Sikusema kitu. Tulipata alama nzuri, na jina lake lilikuwa la mwisho kwenye jalada alilolichapa mwenyewe.

Kumbe hapo ndipo lafudhi inapomuumiza mtu. Kicheko cha mezani hupita. Ulinzi wa upole ndio usiopita: mtu haambiwi anyamaze, ila kazi za kusema zinampitia kando, na baada ya muhula mmoja yeye mwenyewe anasema, "Mimi nitachapa." Siku mbili za mgeni zinakuwa mwaka mzima, na jembe haliji. Kijana wetu anayekwenda kusoma Ulaya au Marekani na irabu zake tano hukuta hayo hayo kwa Kiingereza, na kila barua ya huko hutuumiza. Tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili linapotokea kwetu, kwa lugha tunayoiita ya kuunganisha watu.

Mwaka wa tatu ndipo tulipompa jembe. Kwa kweli alichukua mwenyewe. Aliyepangiwa utangulizi aliugua, naye akasimama. Alisema robo saa. Mhadhiri alimwomba arudie neno moja, akalirudia, darasa likaandika. Hakuna jambo zaidi ya hapo lililohitajika: masikio kurudi mara moja.

Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wana sababu zaidi ya kuja katika vyuo vyetu. Watasema mutu, watasema niko mwanafunzi, watawasalimia mama zetu jambo. Ikiwa kikundi chenu cha muhula huu kina mmoja wao, msimpe jalada. Mpeni utangulizi, na asipoeleweka neno, mwambieni, "Rudia, ndugu yetu, tunakusikiliza."